Jinsi ya kuwa mwanakriminolojia nchini Kenya: mwongozo kamili kutoka kidato cha nne hadi kazini

Matokeo ya KCSE, mtihani wa kidato cha nne, yakitoka, kuna vijana wanaochagua kriminolojia kwenye mtandao wa KUCCPS wa kuomba nafasi za vyuo wakiwa na picha moja akilini: mpelelezi aliyevaa glavu, akikagua chumba alimouawa mtu. Kazi hiyo ipo na ina wenyewe, ila haifanywi na mwanakriminolojia. Mpelelezi anamtafuta muuaji wa marehemu mmoja. Mwanakriminolojia yuko na rundo la mafaili ya mauaji ya kaunti nzima, akijiuliza kama mengi yalitokea wikendi, kama waliouawa walijuana na waliowaua, pombe ilihusika kiasi gani, na ni jambo gani likibadilishwa mafaili ya mwaka ujao yatapungua.

Naandika kwa sababu nimeona vijana wenye akili nzuri wakimaliza miaka minne ya shahada hii bila kujua wanaweza kumfanyia nani kazi gani. Inaniuma, maana nchi inawahitaji. Basi lijue hili mapema: matangazo ya kazi yanayotaja "mwanakriminolojia" ni haba sana Kenya. Kazi yenyewe imevaa majina mengine: afisa wa probesheni, mtafiti, mchambuzi wa data, afisa wa kuzuia ulaghai, afisa wa mradi. Anayeipata ni yule aliyeshika aina moja ya uhalifu au sehemu moja ya mfumo wa haki, akaijua ndani nje, na akawa na maandishi na takwimu za kuthibitisha kwamba anaijua. Hatua zote zilizo hapa chini zinaelekea huko.

Hatua ya 1: Hakikisha hii ndiyo kazi unayoitaka

Kuna njia tatu jirani ambazo watu huzichanganya na hii.

Ukitaka kukamata na kuhoji washukiwa, njia yako ni polisi. Maafisa wa DCI, idara ya upelelezi wa jinai, wenye makao makuu Barabara ya Kiambu, kwa kawaida hutoka ndani ya Huduma ya Polisi: unaanza na mafunzo ya askari, kama yale ya Kiganjo, kisha baadaye unapelekwa kusomea upelelezi. Shahada ya kriminolojia inaweza kukusaidia ukiwa ndani, lakini yenyewe haikufungulii lango.

Ukitaka kupima damu, risasi, sumu au vinasaba, hiyo ni maabara. Mkemia wa Serikali na maabara ya kitaifa ya uchunguzi wa kisayansi iliyozinduliwa 2022 katika makao makuu ya DCI wanahitaji watu wa kemia, bayolojia na biokemia. Ukianza shahada ya sanaa katika kriminolojia kisha ukagundua mwaka wa tatu kwamba ulitaka maabara, umepoteza muda mwingi. Amua kabla ya kujaza fomu.

Ukitaka kusimama mbele ya hakimu na kutetea au kushtaki, soma sheria.

Kama katika haya yote swali linalokukosesha usingizi ni lile la chanzo (mbona mtaa huu na si ule wa pili, mbona vijana wa kiume, mbona aliyetoka jela anarudi), umefika pako.

Hatua ya 2: Masomo, kuanzia sekondari

Kuingia shahada kwa mfumo wa Kenya kunahitaji angalau C+ katika KCSE, na kila chuo huongeza masharti yake. Mwenye C- anaweza kuanza na diploma kisha akapanda. Ukiwa bado shuleni, somo la kulinda ni hesabu. Wengi huichagua kriminolojia wakidhani wanaikimbia hesabu, halafu inawangoja mwaka wa pili kwa jina la takwimu. Lugha nayo isipuuzwe: Kiingereza kwa sababu ripoti nyingi huandikwa kwa lugha hiyo, na Kiswahili kwa sababu mfungwa, mama aliyeibiwa na mzee wa mtaa hawatakueleza maisha yao kwa Kiingereza.

Shahada zenye kriminolojia ndani yake zinapatikana, miongoni mwa vingine, katika Chuo Kikuu cha Egerton huko Njoro, Masinde Muliro huko Kakamega na Dedan Kimathi huko Nyeri. Chuo Kikuu cha Nairobi kina njia ya kriminolojia katika uzamili kupitia sosholojia. Jina la chuo lisikupumbaze. Omba orodha ya kozi za miaka yote minne uisome mstari kwa mstari. Tafuta kozi ya mbinu za utafiti, angalau mbili za takwimu, nadharia za uhalifu, elimu ya adhabu na magereza, sheria ya jinai, atachimenti (mafunzo ya kazini) ya miezi kadhaa, na tasnifu ya mwisho. Programu iliyojaa kozi za ulinzi wa majengo na usimamizi wa walinzi ikiwa na kozi moja tu ya utafiti itakupa kazi ya usimamizi wa ulinzi. Ni kazi halali kabisa, lakini uichague kwa kujua.

Ukikosa nafasi, usikae nyumbani mwaka mzima ukisubiri jina. Sosholojia, saikolojia, ustawi wa jamii na takwimu zote zinakufikisha. Kwa maoni yangu, mwenye shahada ya takwimu aliyejisomea uhalifu hupata kazi ya utafiti kwa urahisi zaidi kuliko mwenye shahada ya kriminolojia asiyeweza kuchora jedwali.

Hatua ya 3: Soma nadharia ukiwa na mtaa wako mbele yako

Nadharia nyingi utakazofundishwa zilizaliwa kwingine. Beccaria aliandika huko Milano 1764 kwamba kinachozuia uhalifu ni uhakika wa kuadhibiwa kuliko ukali wa adhabu. Shaw na McKay walichora ramani za Chicago katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, wakaona kwamba mitaa fulani ilibaki na uhalifu mwingi hata wakazi wake walipohama na wengine kuingia. Cohen na Felson walisema 1979 kwamba kosa hutokea vitu vitatu vinapokutana mahali pamoja na wakati mmoja: mtu aliye tayari kulitenda, windo linalomfaa, na kukosekana kwa mlinzi.

Ukiyakariri hayo kwa ajili ya mtihani yatakutoka wiki inayofuata. Yapeleke steji ya matatu unayoijua. Simu zinanyakuliwa saa ngapi? Abiria wanasimama wapi gari linapochelewa? Nani huwa "mlinzi" pale? Askari hayupo, lakini kuna mama wa mahindi, kuna makanga, kuna watu wa boda boda. Ni lini mama wa mahindi hufunga na kwenda nyumbani, na simu zinaanza kupotea saa ngapi? Hapo Cohen na Felson wamefika Githurai.

Utaona pia mahali ambapo nadharia haitoshi. Watafiti wa Chicago hawakuwa na chifu, Nyumba Kumi, chama cha akina mama wala wazee wanaomaliza kesi chini ya mti. Na hawakuwa na historia yetu. Huwezi kuelewa kwa nini mahakama za mahakimu Kenya zimejaa makosa madogomadogo, kama uzururaji, ulevi na kuuza bila leseni, usipojua kwamba sheria za aina hiyo zilitungwa ili kumdhibiti Mwafrika mjini, pamoja na kipande, kitambulisho alichovaa shingoni. Sheria ya Uzururaji yenyewe ilifutwa 1997, lakini tabia ya kumkamata maskini kwa kuonekana mahali "asipofaa" haikufutwa siku hiyo. Soma historia ya magereza na polisi wa kikoloni hata kama haimo kwenye silabasi.

Hatua ya 4: Jifunze takwimu, kisha jifunze kuzihoji

Hapa ndipo wanafunzi wengi huachwa nyuma, na ndipo kazi ilipo, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Kila mwaka Shirika la Kitaifa la Takwimu, KNBS, huchapisha ripoti ya uchumi yenye sura kuhusu utawala, amani na sheria. Humo mna idadi ya makosa yaliyoripotiwa polisi. Kwa mwaka wa 2019 ni makosa 93,411. Kwa 2020 ni 69,645. Mtu wa kawaida atasema uhalifu ulishuka kwa robo. Wewe uliza kwanza: 2020 kulikuwa na nini? Kafyu ilianza 27 Machi, baa zikafungwa, safari zikazuiwa, watu wakakaa majumbani. Wizi wa barabarani huenda ulipungua kweli. Lakini mke aliyepigwa na mume ambaye sasa haondoki nyumbani angetokaje saa mbili usiku kwenda kituoni, na kutoka nje kwenyewe ni kosa? Idadi moja imebeba mambo mawili yanayopingana: makosa yaliyopungua, na makosa yaliyokosa njia ya kuripotiwa.

Sasa fuata kosa moja mpaka liwe tarakimu. Msichana anadhulumiwa kijijini. Kwanza lazima aseme. Kisha familia iamue kwenda polisi badala ya kumalizana nyumbani. Kaskazini mashariki, wazee wanaweza kuketi kwa maslaha, kikao cha jadi cha usuluhishi, na mambo yakaishia kwenye fidia. Wakienda, afisa wa zamu lazima aandike kwenye OB, kitabu cha matukio cha kituo. Akiandika, lazima alipe jina: unajisi, jaribio la ubakaji, au shambulio la kawaida? Kisha kituo kitume hesabu yake juu. Katika kila hatua kuna makosa yanayodondoka njiani. Ndiyo maana uchunguzi wa kitaifa wa afya wa 2022, ambao uliwauliza wanawake majumbani kwao, ulikuta asilimia 34 ya wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wameshawahi kupigwa au kuumizwa kimwili tangu walipotimiza miaka 15. Linganisha na vitabu vya polisi uone pengo. Kujua pengo hilo limetoka wapi, na kulieleza bila kutia chumvi, ndio ustadi utakaolipwa.

Vifaa vyenyewe havigharimu sana. Anza na Excel mpaka uiweze vizuri. Vyuo vingi hufundishia programu ya takwimu ya SPSS, lakini leseni yake ni ghali ukishatoka chuoni, kwa hiyo jifunze R, ambayo ni bure. Kwa kukusanya majibu nyanjani kwa simu kuna KoboToolbox, inayotumiwa sana na mashirika ya Nairobi. Kwa ramani kuna QGIS, nayo bure. Mwanafunzi anayeweza kuchukua majibu 300 kutoka Kobo, akayasafisha, akatoa jedwali tatu na ramani moja inayosomeka, ana kazi hata kabla ya mahafali.

Zoezi ninalompa kila anayeniuliza aanzie wapi ni hili, na halihitaji kibali cha mtu. Tovuti ya Kenya Law ina maelfu ya hukumu, bila malipo. Chagua kosa moja, kwa mfano wizi wa mabavu chini ya kifungu cha 296(2) cha Kanuni ya Adhabu. Soma hukumu 40. Fungua jedwali lenye safu hizi: mwaka, kaunti, kilichoibwa na thamani yake, silaha, idadi ya washtakiwa, umri wao kama umetajwa, kama walikuwa na wakili, adhabu ya mahakama ya chini, na matokeo ya rufaa. Utashtuka. Kifungu hicho kinamkamata mwenye silaha hatari, lakini pia kinamkamata aliyepora kwa vitisho akiwa na mwenzake mmoja tu. Vijana wawili waliompokonya mtu simu wanaweza kujikuta katika kosa ambalo kitabu kinasema adhabu yake ni kifo. Hakuna aliyenyongwa Kenya tangu 1987, na 2009 wafungwa zaidi ya 4,000 walibadilishiwa hukumu ya kifo kuwa kifungo cha maisha. Mwaka wa 2017 Mahakama ya Juu, katika kesi ya Muruatetu, ilitangaza kwamba kumlazimisha jaji kutoa hukumu ya kifo ni kinyume cha Katiba. 2021 ikafafanua kwamba uamuzi huo ulihusu mauaji pekee. Mambo haya utayaona yakitembea ndani ya jedwali lako, mwaka baada ya mwaka.

Kisha andika kurasa nne za ulichokiona, na ukurasa mmoja wa kile ambacho jedwali haliwezi kusema. Kwa mfano, nyingi ya hukumu hizo ni za Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufaa, kwa hiyo unawaona waliokata rufaa. Aliyekiri kosa Jumatatu asubuhi akapelekwa jela mchana hayumo. Ukurasa huo wa mwisho ndio utakaomwonyesha mwajiri kwamba unajua unachofanya.

Hatua ya 5: Toka nje ya maktaba

Anza na mahakama, kwa sababu mlango wake uko wazi. Kesi nyingi za mahakimu huendeshwa hadharani na mwananchi anaruhusiwa kuketi nyuma. Nenda Jumatatu. Katiba, kifungu cha 49, inataka aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, au siku ya mahakama inayofuata. Waliokamatwa tangu Ijumaa jioni wote wanamiminika Jumatatu. Zima simu, usirekodi, usipige picha. Angalia nani ana wakili. Angalia kiwango cha dhamana, na ni nani anayeshindwa kukilipa. Angalia lugha: je, mshtakiwa anaelewa anachokiri? Andika ukishatoka nje.

Atachimenti ikifika, wengi hukimbilia DCI, na wengine huishia kupanga mafaili na kuchemsha chai. Mimi ningemtuma mwanangu ofisi ya probesheni. Afisa wa probesheni hupewa jina la mshtakiwa na mahakama, akaenda hadi kwao, akazungumza na wazazi, chifu, mwalimu, majirani na mlalamishi, kisha akaandika ripoti ya kumsaidia hakimu kuamua: jela, kifungo cha nje, au kazi ya jamii chini ya sheria ya 1998. Hakuna mahali pengine utakapoona kwa karibu hivyo chanzo, kosa, aliyeumizwa na adhabu, vyote katika faili moja. Ofisi hizi ziko katika maeneo mengi yenye mahakama, hata miji midogo. Peleka barua ya chuo, nakala ya kitambulisho na bima ya ajali, na upeleke mapema, kwa maana nafasi hujaa.

Magereza nayo uyaone. Kenya ina watu zaidi ya 50,000 nyuma ya kuta hizo, na sehemu kubwa yao ni mahabusu ambao kesi zao hazijaamuliwa. Njia rahisi ya kuingia kwa mara ya kwanza ni pamoja na kikundi kinachotambuliwa: kanisa, msikiti, chama cha wanafunzi wa sheria. Fuata masharti ya lango bila kubishana.

Hatua ya 6: Vibali, na heshima kwa unaowahoji

Siku utakapotaka kuhoji watu kwa ajili ya tasnifu au ripoti, mlolongo ni huu: pendekezo lililoidhinishwa na chuo, idhini ya kamati ya maadili ya utafiti, kisha leseni ya NACOSTI, tume ya kitaifa inayosimamia utafiti, inayoombwa mtandaoni. Ukiwa na leseni, ripoti kwa kamishna wa kaunti na mkurugenzi wa elimu wa kaunti kabla ya kuanza, halafu kwa chifu wa eneo. Kwa magereza utahitaji pia ruhusa ya makao makuu ya Huduma ya Magereza. Yatengee haya miezi, usiyatengee wiki. Msomaji wa Tanzania atashughulika na COSTECH badala ya NACOSTI, na atakuta takwimu za makosa ya jinai kwa Jeshi la Polisi na Ofisi ya Taifa ya Takwimu. Mengine mengi ya mwongozo huu yanamfaa vilevile.

Vibali ni nusu tu. Mfungwa akisema "sawa, niulize" huku askari jela amesimama mlangoni, hajakubali kwa hiari. Omba nafasi ambapo mnaonekana lakini hamsikiki. Usimwahidi rufaa, sabuni wala kumpelekea ujumbe mkewe. Mwambie mapema asikutajie majina ya watu wala kosa ambalo hajashtakiwa nalo, kwa sababu daftari lako halina kinga aliyonayo wakili. Mwambie pia kwamba akikueleza mtoto yuko hatarini, hutanyamaza. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakuhusu: tenganisha majina na majibu tangu siku ya kwanza, funga faili kwa nywila, na usitume sauti za mahojiano kwenye WhatsApp kwa rafiki akusaidie kuziandika.

Na ujilinde wewe. Ukisikiliza simulizi za ubakaji na mauaji kwa wiki nzima, usingizi utaharibika. Panga mahojiano machache kwa siku, uwe na mtu mzima wa kuongea naye ambaye anajua siri za kazi hii, na ukiona ndoto hazikuachi, nenda kwa mshauri nasaha. Usione haya.

Hatua ya 7: Chagua kona yako kabla ya mwaka wa nne kwisha

Serikalini, probesheni na magereza huajiri wenye shahada za jamii, kriminolojia ikiwemo. Fuatilia matangazo ya tume husika kwenye magazeti na tovuti, kwa sababu hutolewa kwa muda mfupi. Utafiti una Kituo cha Kitaifa cha Utafiti wa Uhalifu, kilichoundwa kwa sheria ya 1997, ambacho kimechunguza mambo kama magenge na uchomaji wa shule wa 2016. Nairobi ina pia ofisi ya Afrika Mashariki ya UNODC, shirika la Umoja wa Mataifa la dawa za kulevya na uhalifu, na mashirika ya utafiti wa usalama kama ISS. Hutaanza na cheo. Unaanza kama msaidizi wa utafiti wa mkataba wa wiki tatu, ukikusanya majibu kwa Kobo huko Kisauni au Kayole. Fanya kazi hiyo kwa usafi, peleka data isiyo na mapengo, na utaitwa tena.

Kona inayokua upesi ni ulaghai wa fedha. Benki, SACCO, kampuni za bima na za simu zinapoteza pesa kila siku, na wateja wao zaidi. Kila Mkenya anaijua ile simu ya "nimekutumia pesa kimakosa", na kila Mtanzania anaujua ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Sheria ya kuzuia utakasishaji wa fedha ilipitishwa 2009, na Februari 2024 Kenya iliwekwa kwenye orodha ya kijivu, yaani ya nchi zinazofuatiliwa kwa karibu, ya FATF, chombo cha kimataifa cha kupambana na utakasishaji huo, jambo lililoongeza shinikizo kwa taasisi kuwa na watu wa kufuatilia miamala ya kutiliwa shaka. Kwa njia hii, shahada ya kriminolojia iongezee uhasibu wa msingi na cheti: KASNEB, bodi ya mitihani ya uhasibu, wana mtihani wa wachunguzi wa ulaghai uitwao CFFE, na kuna CFE ya kimataifa inayodai pia uzoefu wa kazi. Mshahara wa hapa mara nyingi unazidi wa serikalini.

Kona ninayoipenda zaidi ina watu wachache mno: watoto wanaoingia kwenye mkono wa sheria. Sheria ya Watoto ya 2022 ilipandisha umri wa kuwajibika kwa kosa la jinai kutoka miaka 8 hadi 12, na inataka watoto waelekezwe nje ya mahakama inapowezekana. Kuiandika ni jambo moja. Ni nani atakayepima kama kuelekezwa huko kunafanya kazi, Kakamega na Kilifi, mtoto kwa mtoto? Na Pwani kuna heroini: kliniki za Malindi na Mombasa za methadoni, dawa ya kutibu uraibu huo, na mashirika kama Reachout na MEWA, yanahitaji watu wanaoweza kuonyesha kwa takwimu uhusiano kati ya matibabu na wizi mdogomdogo mitaani. Anayeishi Pwani na kuzungumza lugha ya watu wa pale ana nafasi ambayo mtafiti wa kutoka ng'ambo hawezi kuinunua.

Hatua ya 8: Kuomba kazi, na suala la uzamili

Barua ya maombi iwe ya ukurasa mmoja. Usianze na ndoto zako za utotoni. Anza na swali unalolifanyia kazi na ushahidi kwamba umelifanyia kazi: lile jedwali la hukumu 40, ripoti ya atachimenti uliyoondoa majina, ramani ya QGIS. Ambatisha kimoja tu, kile bora. Kuwa na cheti cha polisi cha tabia njema tayari, ukiomba kupitia eCitizen, maana waajiri wa kona hii huwa wanakidai na wewe hutaki kuanza kukitafuta siku ya mwisho.

Kwenye usaili utaulizwa kitu kama: "Ungepunguzaje wizi wa boda boda katika kaunti hii?" Wengi huanza kuorodhesha taa za barabarani, ajira kwa vijana na maombi. Wewe anza na unachohitaji kujua: pikipiki zinaibwa zikiwa zimeegeshwa au dereva akiwa safarini, saa ngapi, na zinaishia wapi, kwenye vipuri au kuvuka mpaka? Eleza utapata wapi majibu hayo: kwa polisi, kwa kampuni za mikopo ya pikipiki, kwa viongozi wa steji. Kisha toa pendekezo moja, na useme utajuaje baada ya miezi 6 kwamba limeshindwa.

Uzamili usiukimbilie. Fanya kazi miaka miwili kwanza ikiwezekana, hata kwa mikataba midogo, ili uende darasani na swali lako mwenyewe na data unayojua pa kuipata. Kabla ya kulipa ada, mtafute msimamizi anayeandika kuhusu jambo lako, soma makala zake mbili, kisha mwandikie barua pepe fupi yenye swali, mahali na aina ya data. Asipojibu kwa wiki tatu, mwandikie mwingine.